Msirine Masega Yote

Fungueni Mithali 25:16. Hapo mwenye hekima asema na mtu aliyeona asali. Hamkatazi kula, amwonya tu ale kiasi cha kumtosha, asije akaitapika. Sisi tulizoea kulisoma neno hili kama onyo juu ya ulafi wa tumbo, na ndivyo lilivyo. Lakini tulipokwisha kukaa na warina asali na kujifunza habari za mzinga, tuliona ya kuwa yuko adhurikaye na ulafi huo kabla ya mlaji mwenyewe, naye ni nyuki.

Basi na tumtazame nyuki mtenda kazi. Hutoka katika tundu lake la nta yapata siku ya 21 tangu yai kutagwa, na mara huanza kazi. Kwanza husafisha matundu. Kisha huwalisha majana. Kisha hutoa nta mwilini mwake na kujenga masega. Kisha husimama mlangoni kuwa mlinzi. Hayo yote huchukua yapata majuma matatu. Ndipo huenda mauani, akienda na kurudi mpaka mabawa yake yachakae na kufa, yapata majuma matatu mengine. Wanaochunguza mambo haya husema ya kuwa nyuki kama 12 huhitajiwa, kila mmoja kwa kazi ya maisha yake yote, ili kijiko kimoja cha chai kijae asali.

Tena angalieni jambo hili. Wakati wa maua maisha yake ni majuma sita tu. Basi asali anayoiweka akiba kwa ajili ya kiangazi, yeye haili. Wataila ndugu zake ambao hawajazaliwa bado. Someni Yohana 4:37-38, Bwana aliponena juu ya apandaye na avunaye. Twakiri kwamba tumeyafundisha maneno hayo miaka mingi, wala hatukuwahi kuyafikiri mbele ya mzinga.

Mrina mwema hupanda mtini jua likichwa, na moshi wa kiasi wa kuwatuliza nyuki. Hukata masega ya asali iliyokwisha kufunikwa kwa nta. Yenye majana huyaacha, na sehemu ya asali huiacha vilevile. Mrina mbaya huja na mwenge wa moto. Huunguza nyuki na majana pamoja, huyakamua yote katika ndoo moja, na asali yake hunuka moshi na kuchacha upesi. Mwaka wa pili huja na ndoo yake, akaukuta mzinga mtupu. Maana nyuki wa Afrika ni wepesi wa kuhama kuliko wale wa Ulaya. Wakinyang'anywa chakula chote, bumba zima huondoka. Naye mwenye mzinga husema amerogwa!

Katika Kumbukumbu la Torati 24:19-21 Mungu aliwaamuru Waisraeli wasiurudie mganda uliosahauliwa shambani, wala matawi ya mzeituni mara ya pili, wala zabibu zilizosalia. Hizo ni za mgeni na yatima na mjane. Basi tuulizane, sisi wazee wa usharika. Yuko mwalimu wa injili ambaye Jumapili huhubiri katika mitaa miwili, Jumatatu huzika, Jumanne hufundisha watoto wa kipaimara, na usiku huitwa kwa mgonjwa. Shamba lake limejaa magugu, kwa kuwa hakupewa siku ya kulima. Posho yake twasema tutaitazama mwezi ujao. Kila sega alilo nalo tumelikata, na kwa kuwa hanung'uniki twamsifu kuwa ana moyo. Siku atakapohama tutasema ulimwengu umemvuta.

Turudi mzingani. Kosa la mrina mbaya si la nchi zetu tu. Zamani watu wa Ulaya walifuga nyuki katika vikapu vya majani makavu, na wakati wa mavuno wengi waliwaua kwa moshi wa kiberiti ili wapate asali. Mmoja wa waliowaonyesha njia bora alikuwa mchungaji, Lorenzo Langstroth wa Marekani. Mwaka 1851 aling'amua ya kuwa nyuki wakiachiwa nafasi ya milimita 6 hata 9 hawaizibi kwa nta wala kwa gundi yao, bali huifanya njia ya kupitia. Akatengeneza mzinga wa sanduku wenye viunzi vya mbao vinavyoning'inia, nafasi hiyo ikibaki kati yake na pande zote. Kiunzi chenye asali hutolewa, chenye majana hurudishwa, wala hapana haja ya kuua. Mizinga ya namna hiyo yatumika hata leo katika nchi nyingi, na kwetu pia.

Mwaka 1852 alipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake, lakini wengine waliunda mizinga kwa mfano huo pasipo kumlipa, naye hakutajirika. Mara nyingi alilemewa na ugonjwa wa huzuni, hata akashindwa kuhudumu. Tarehe 6 Oktoba 1895, akiwa na umri wa miaka 84, alisimama mbele ya kusanyiko katika mji wa Dayton ili ahubiri juu ya upendo wa Mungu, akafariki papo hapo.