Kwa Nini Imezimika? Juu ya Mpangilio wa Kuuliza Sababu

Swali la sababu, yaani la nini hasa kilichofanya jambo litokee, limewashughulisha wanafalsafa na wanadini kwa karne nyingi, lakini linapouma zaidi ni pale kitu kinachotegemewa kinapokoma ghafla bila kuonekana aliyekigusa. Injini ya boti inayozimika katikati ya Ziwa Victoria ilhali tanki bado lina petroli ni mfano mmoja. Mfereji unaokauka shambani ilhali chemchemi yake inatiririka ni mfano mwingine, na huu unawahusu moja kwa moja watu wa Digodigo, wilayani Ngorongoro, ambako kilimo cha Wabatemi, wanaoitwa pia Wasonjo, kimesimama juu ya mifereji tangu kabla ya ukoloni. Ziwa Natron lililo mashariki yao ni la magadi na kina chake ni kifupi, kwa hiyo injini za boti si sehemu ya maisha yao. Hata hivyo swali ni lile lile, kwa kuwa kinachotakiwa kufika hakifiki.

Fundi anayeijua kazi yake haanzi kwa kufungua injini, bali huanza kwenye tanki na kuyafuata mafuta yanakopita. Kifuniko cha tanki la injini ya kupachika kina skurubu ndogo ya kupitishia hewa, ambayo hufungwa wakati wa kubeba tanki ili petroli isimwagike. Ikisahauliwa kufunguliwa, petroli inayovutwa huacha utupu nyuma yake, na utupu huo huongezeka mpaka pampu ya mafuta inashindwa kuvuta na injini inazimika baada ya mwendo mfupi. Dalili huonekana kwenye mpira wa kupampu kwa mkono, ulio katikati ya bomba linalotoka kwenye tanki: ukinywea na kubaki umebonyea, kosa liko upande wa tanki; ukibaki laini hata baada ya kubanwa mara nyingi, kuna hewa inayopenya mahali au valvu yake haishiki; ukiwa mgumu na bado injini inakufa njaa ya mafuta, kizuizi kiko mbele, kwenye filta, kwenye pampu, au kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuwaka. Kila hatua hupunguza mahali pa kushuku, na hakuna hatua inayomtaka fundi amtaje mtu.

Mpangilio wa namna hii haukuletwa Digodigo na injini. Robert F. Gray, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu Wasonjo, alieleza jinsi maji yanavyotawaliwa na baraza la wazee waitwao wenamiji, ambao hushika zamu za kumwagilia na kuwatoza faini wanaovunja taratibu, na uchunguzi wa Adams, Potkanski na Sutton uliochapishwa mwaka 1994 ulirudi kwenye mifereji hiyo hiyo. Katika jamii hii chemchemi ni mahali patakatifu, na jina la Khambageu, anayeheshimiwa kama nabii na zaidi ya nabii, haliko mbali na mambo ya mvua, maji na amani ya kijiji. Lakini utakatifu wa chemchemi haujaifanya kazi ya kusafisha na kutengeneza mifereji kuwa ya hiari. Ibada na jembe vimekaa pamoja, na hilo ni jibu la kifalsafa lenye uzito, hata kama halikuandikwa kitabuni.

Waliolijadili swali la sababu kwa maandishi hawakukubaliana. Abu Hamid al-Ghazali, mwishoni mwa karne ya 11, alidai kwamba moto na kuungua kwa pamba havina uhusiano wa lazima, bali ni kawaida ambayo Mungu ameiendesha na anaweza kuizuia. Mwanafalsafa Ibn Rushd baadaye akamjibu kwamba anayeondoa sababu ameondoa akili yenyewe. Wengi humkumbuka al-Ghazali kwa hoja hiyo peke yake, wakasahau kwamba alipoandika juu ya kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, alimhesabu kuwa mwendawazimu mtu mwenye njaa anayekataa kunyoosha mkono kukifikia chakula. Kwa mwanateolojia huyo, kufungua skurubu ya tanki hakupunguzi imani hata kidogo.

Hata hivyo kuna swali ambalo fundi halijibu. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeandika mwaka 1937 juu ya Wazande wa Afrika ya Kati, alionyesha kwamba watu hao walijua vizuri kuwa mchwa ndio walioangusha ghala, ila waliuliza kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Swali hilo si la kijinga. Hatari yake iko katika kuulizwa mapema, kabla hata mchwa hawajatazamwa, kwa sababu hapo jibu karibu daima huwa ni jina la mtu. Katika nchi ya Wasukuma, kandokando ya Ziwa Victoria, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wekundu wa macho, ambao huletwa na moshi wa jikoni, umehesabiwa kuwa ushahidi. Rafiki za Ayubu walikosea kwa namna hiyo hiyo, maana walianza na hukumu wakatafuta dhambi ya kuihalalisha.

Ni kweli kwamba wakati mwingine uovu wa binadamu ndio chanzo. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huharibu injini, na uchakachuaji ulienea Tanzania kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianzisha vinasaba vya kutambua mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Lakini mkosaji wa aina hiyo hufikiwa kwa kufuata mafuta hatua kwa hatua, na kosa lake hupimika. Anayetajwa kwa ndoto au kwa ramli hana njia ya kujitetea.

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inamtia hatiani hata anayemtuhumu mwenzake uchawi nje ya taratibu zilizowekwa, lakini sheria hufika baada ya neno kusemwa. Viongozi wa dini na mabaraza ya vijiji wanaweza kufika kabla yake: hasara inapotokea na jina la mtu likaanza kunong'onwa, waagize kwanza mfereji ukaguliwe toka chemchemi hadi shambani, au tanki, bomba na filta vifunguliwe mbele ya mashahidi, na wasikubali jina lolote litajwe kabla ya hapo.