Siku Njema Huonekana Asubuhi?

Mwezi uliopita, ufukweni Bagamoyo, nilimkuta fundi mashua mmoja anabishana na kijana aliyemletea makopo mawili ya gundi ya epoksi. Mzee huziba nyufa kwa kalafati ya pamba. Kijana alitaka ajaribu epoksi.

"Hii, babu, ni miaka 20."

"Na wewe una mingapi, mjukuu wangu?"

Tulicheka. Ila swali halikunitoka: mtu anaruhusiwaje kuahidi miaka ambayo hajaiona?

Watu wa maabara wana jibu, na si la kitapeli. Joto huharakisha uzee. Mwaka 1889 Msweden Svante Arrhenius alieleza kwa hesabu jinsi kasi ya mabadiliko ya kikemia inavyopanda na joto. Kwa makadirio ya haraka, kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi hukaribia maradufu. Basi unagawa vipande vya gundi kwenye oveni tatu au zaidi, kila moja na joto lake. Unavitoa kwa vipindi, unavivunja, unaandika ni lini nguvu imeshuka, tuseme, hadi nusu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60216, kinachotumika kwa vifaa vya kuhami umeme, kinataka oveni yenye joto la chini kuliko zote ichukue angalau saa 5,000, karibu miezi saba. Nukta hizo zinaunganishwa kwa mstari, na mstari ndio unaotaja joto ambalo kitu kitavumilia kwa saa 20,000. Miaka 20 ya yule kijana ni zaidi ya saa 175,000.

Ni ile methali yetu ya siku njema, imetiwa hesabu tu. Lakini ina masharti. Kila epoksi ina joto ambalo ikilivuka huacha ugumu wake na kulegea kama mpira. Ukiipima juu ya hapo kisha ukatabiri maisha yake chini ya hapo, huenda umehoji kitu kingine kabisa. Anayeteswa husema mengi, ila anayesema si tena yule uliyemkamata. Halafu oveni inajua joto peke yake. Haijui chumvi, jua, wala mashua inayolala ubavu kwenye mchanga kila maji yakipwa.

Sitaki kumpamba mzee. Kalafati nayo huchoka, na uzoefu wake ni mstari vilevile, umechorwa kutoka jana kwenda kesho. Tungekataa kila kisichoonwa na babu zetu, tusingepata hata tanga. Tofauti niliyoiona ni nyingine: mzee haahidi miaka. Anasema, "ikivuja, niletee." Ahadi yake ina mtu wa kuidai. Ile ya kopo ina namba, na siku maji yatakapoingia, aliyeitaja hatakuwemo chomboni. Ahadi ni deni, na deni lisilo na mdaiwa hulipwa na mvuvi.

Kwa hiyo nadhani kuahidi kesho kwa kipimo cha leo si dhambi. Dhambi ni kuficha kwamba umepima miezi saba tu, na kwamba mengine ni mstari.

Mwishowe mzee alichukua kopo moja. Akaunganisha vipande viwili vya mbao, akavifunga kwenye kigingi pale maji yanapojaa na kupwa.

"Njoo mwakani," akamwambia kijana.