Je, Mgonjwa Akijibu "Sijambo" Amesema Uongo?

Mwezi huu twataka kuwaletea swali tuliloulizwa na mtoto. Tulikuwa katika darasa la Kipaimara, tukifundisha Amri ya Nane, ile ikatazayo kumshuhudia jirani uongo. Tulipokwisha kueleza, kijana mmoja akasimama, akasema: "Mchungaji, jana bibi yangu alikuwa amelala na homa. Jirani akaja mlangoni, akamwuliza, Hujambo? Bibi akajibu, Sijambo. Je, amevunja amri?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa hatukuwa na jawabu. Tukamwambia angoje hata juma lijalo.

Basi tuliyoyafikiri juma lile ndiyo haya, nasi twayaweka mbele ya walimu na wazee wa sharika zetu. Maana swali lile laonekana kuwa dogo, walakini limeshika jambo kubwa: mwanadamu amepewa kunena kwa kazi gani?

Tukilipima neno kwa herufi zake tu, bibi yule ameshindwa. "Hujambo" maana yake huna jambo, na "sijambo" maana yake sina jambo. Na homa ni jambo. Lakini kwa kipimo hicho ni nani atakayepona? Mtoto amwambiaye mzee "Shikamoo" asema kwamba ashika miguu yake, wala mikono yake haikugusa mguu wo wote. Vijana wa leo huulizana "Mambo?" na kujibizana "Poa", ijapokuwa wana mambo mengi na mioyo yao haijapoa. Hata katika barua twaandika mwanzoni ya kuwa sisi tu wazima, hofu yetu ni kwake tumwandikiaye, kisha katika mstari wa tatu twamweleza ugonjwa wetu. Ikiwa hayo yote ni uongo, basi hakuna mtu mkweli katika nchi, na wenye adabu kuliko wote ndio waongo kuliko wote. Jawabu la namna hiyo hatuwezi kulikubali.

Yatupasa kwanza kujua ya kuwa maneno hayana kazi moja. Mkulima ana jembe, ana panga, ana shoka. Wala halaumu jembe kwa sababu halikati mti. Vivyo hivyo na maneno. Yako maneno ya kuarifu, kama mtu asemapo, Mto umejaa, daraja limechukuliwa. Kazi yake ni kuonyesha mambo yalivyo, na yakiwa si kweli mtu aweza kufa maji. Yako maneno ya kuagiza na kuomba, kama, Lete maji. Hapo hakuna kweli wala uongo, ila kuna haki na dhuluma, upole na ukali. Yako na maneno ambayo kuyasema ndiko kutenda kwenyewe. Bibi arusi aitikapo "Ndiyo" mbele ya mashahidi, haarifu habari za ndoa, bali aifunga. Mwingereza J. L. Austin, mwalimu wa falsafa huko Oxford, alilieleza jambo hili katika mafundisho aliyoyatoa Marekani mwaka 1955, nayo yalipigwa chapa mwaka 1962, baada ya kufa kwake. Tena yako maneno ya namna ya nne, ambayo hayaarifu, hayaagizi, wala hayafungi agano. Kazi yake ni kuwakutanisha watu. Ndizo salamu.

Habari za namna hii ya nne ziliandikwa mwaka 1923 na Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Poland, aliyekaa katika visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, wakati wa Vita Kuu ya 1914-1918, akijifunza desturi za wenyeji. Alisema ya kuwa watu waketipo pamoja hunena maneno mengi yasiyompa mtu habari mpya, lakini maneno hayo huondoa ugumu wa kimya na kuwafunga wao kwa wao. Wazee wetu hawakukisoma kitabu chake, walakini jambo lenyewe walilijua. Mtu apitaye bila kusalimu husemwa kuwa ana kiburi au ana ugomvi, ijapokuwa hakutamka neno lo lote baya. Kunyamaza kwake kumekwisha kunena.

Sasa, uongo ni nini? Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu juu ya uongo karibu na mwaka 395. Alikuwa mkali, hakukubali uongo wo wote, hata ule wa kumsaidia mtu. Lakini alifundisha ya kuwa mwongo hupimwa kwa nia ya moyo wake: anena moja, na moyoni analo jingine, naye ataka kudanganya. Immanuel Kant wa Königsberg, naye mkali vile vile, katika kitabu alichokitoa mwaka 1797 aliuliza juu ya desturi ya kumaliza barua kwa kujiita mtumishi mtiifu wa mtu. Je, huo ni uongo? Akaongeza ya kuwa hakuna adanganyikaye kwa neno hilo.

Haya, na bibi yule? Jirani yake alimwona kitandani, akaisikia sauti yake ilivyo dhaifu. Hakudanganyika, wala bibi hakutaka kumdanganya. Tena tusikilize jinsi watu wetu wajibuvyo. "Habari za nyumbani?" "Njema, ila mtoto anakohoa usiku kucha." "Hamjambo?" "Hatujambo, ila njaa." Neno la kwanza lafungua mlango, na habari yenyewe huja nyuma ya hilo "ila". Mtu hamtupii mwenziwe msiba wake usoni kabla hawajakutana kwa salamu. Kweli ipo, lakini imekaa katika chumba cha ndani, nayo yamtaka mgeni aingie na kuketi.

Katika Kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 4, twasoma habari za mwanamke wa Shunemu. Mwanawe amekufa magotini pake. Amlaza juu ya kitanda cha nabii, afunga mlango, apanda punda kumwendea Elisha katika mlima Karmeli. Gehazi, mtumishi wa nabii, atumwa kumlaki na kumwuliza hali yake, na hali ya mumewe, na hali ya mtoto. Naye ajibu ya kuwa wote ni salama. Mtoto ni maiti, na mama asema salama! Lakini afikapo kwa Elisha mwenyewe, aishika miguu yake kwa mikono, akifanya kwa mwili lile tulisemalo sisi kwa mdomo tukisema shikamoo. Gehazi ataka kumwondoa; Elisha amzuia, kwa kuwa ameuona uchungu wa roho yake. Mwanamke huyu hakuhesabiwa kuwa mwongo. Alijua ni nani aliyemwuliza kwa kupita tu, na ni nani angesimama kumsikia.

Walakini tusije tukalipa ruhusa kila neno la hila. Neno lile lile likibadilishwa kazi, na hukumu yake hubadilika. Mganga wa hospitali akimwuliza mgonjwa hali yake, hasalimu tu, bali atafuta ugonjwa. Na mgonjwa ajibuye "Sijambo" kwa kuogopa sindano ajidhuru mwenyewe. Tena, mume aliyekopa fedha na kulificha deni, mkewe akimwuliza usiku, "Una jambo gani?" naye akajibu, "Sijambo, lala," huyo amejificha nyuma ya salamu kama mwizi nyuma ya pazia. Mkewe hakumsalimu, alitaka kujua. Naye mume alitaka asijue. Hapo nia ya kudanganya imo, na Amri ya Nane yamhusu. Kipimo basi ni hiki: aulizaye aomba nini, na ajibuye ataka kumwachia nini moyoni?

Mpaka hapa tumemchunguza ajibuye. Lakini juma lile dhamiri yetu ilituonya ya kuwa tumesahau upande wa pili, ulio upande wetu. Miaka iliyopita tulikuwa na desturi ya kupita kila Jumatano kwenda kufundisha katika mtaa wa mbali. Njiani palikuwa na nyumba ya mzee mmoja. Tulimsalimu tukiwa juu ya baiskeli, "Shikamoo, baba! Habari za nyumbani?" Naye, akisimama mlangoni pake, hujibu, "Marahaba, mwanangu. Njema." Kabla neno halijaisha, sisi tumekwisha kuupita mgomba wake wa mwisho. Ikawa hivyo miezi mitatu. Siku moja tukaitwa kuzika. Aliyekufa alikuwa mkewe, ambaye miezi ile yote alikuwa amelala mgonjwa nyuma ya mlango ule. Baada ya maziko tukaketi na mzee, tukasema, "Baba, mbona hukutuambia?" Akatutazama pasipo hasira, akasema: "Uliniuliza, mwanangu, nami nikakujibu. Nalingoja uulize mara ya pili."

Ndugu, neno lile hatujalisahau. Katika mazungumzo yale kama palikuwa na mtu aliyesema yasiyo kweli, hakuwa mzee. Salamu haitoi habari, lakini inayo kweli yake: yeye asemaye "Habari za nyumbani?" ajitoa kuwa tayari kusikia. Kama hayuko tayari, ameahidi asichotaka kukitimiza. Basi yatupasa kujiuliza ni mara ngapi tumemfanya mwenzetu ajibu "Njema", kwa sababu miguu yetu ilimwonyesha ya kuwa hatuna nafasi ya jibu jingine.

Na vyombo vya kupeleka maneno navyo vina nguvu juu ya jambo hili. Waya wa simu uliopitishwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879. Kila neno la simu ile lililipiwa fedha, kwa hiyo watu wakaacha salamu, wakapeleka habari tupu; na habari za msiba zikamfikia mtu ghafula, bila neno la kumtayarisha. Siku hizi simu ya mkononi imelegeza gharama hiyo, hata mtu aweza kupeleka salamu moja kwa watu arobaini kwa mara moja. Hatuvilaumu vyombo hivi. Mama aliye mbali na mwanawe huvishukuru, nasi pia. Lakini ile simu ya kwanza ilipeleka habari isiyo na salamu, na hii ya pili yaweza kupeleka salamu isiyongoja habari. Mtu aliyeulizwa pamoja na wenziwe thelathini na kenda, ataanzia wapi kusema "ila"?

Juma la pili tulirudi darasani, tukamwambia yule kijana: "Bibi yako hakuvunja amri. Alimfungulia jirani mlango kwa adabu." Kisha tukamwuliza, "Na yule jirani, alipokwisha kujibiwa, alifanya nini?" Akafikiri kidogo, akasema, "Aliingia, akaketi kitandani, akauliza homa imeanza lini. Halafu akampikia uji." Tukamwambia, "Basi na jirani naye hakuvunja amri."

Enyi walimu, mwezi huu mtakapozungukia nyumba za watu, msitosheke na "Njema" ya kwanza. Shukeni katika baiskeli, mkaulize mara ya pili.