Wapenzi Watazamaji, Tunadaiana Nini?

Kabla mtangazaji hajaingia kwenye mada, hufanya kwanza kazi moja ambayo wengi huiona ya kupoteza muda: husoma majina. Mama fulani wa Tunduma, tumekuona. Kundi la Makongolosi, karibuni. Kuna ndugu yetu yuko Muscat, anasema anatupata vizuri. Ndipo mada inaanza: malezi ya watoto, ndoa zinazovunjika, mavazi, heshima kwa wazazi, hofu ya Mungu. Vipindi hivi vya maadili, viwe vya Kikristo, vya Kiislamu au vya wazee wa mila, vimejaa YouTube na redio zetu, na sura yake inafanana: mtu mmoja mwenye sauti ya uhakika, mgeni mmoja au wawili, na umati usioonekana unaoitikia "Amina", "Kweli kabisa", "Sema baba".

Umati huo ndio unaonishughulisha kuliko mtangazaji. Yeye ana sababu zake za kuwapo pale kila jioni. Lakini mtu aliyetoka shimoni saa kumi na mbili, akaoga, akanunua bando kabla hajanunua mboga, ili amsikie mtu wa mbali akiwakemea vijana wa siku hizi, na asilale mpaka jina lake lisomwe, huyo anatafuta nini?

Huku Chunya, wilaya ya machimbo ya dhahabu mkoani Mbeya, swali hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa Chunya ni nchi ya waliokuja. Dhahabu ya bonde la Lupa iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1930 bonde hili lilikuwa limevuta watu kutoka kila pembe ya Tanganyika na ng'ambo ya mipaka yake. Hawajaacha kuja. Ukishuka kutoka Mbeya kupitia msitu wa Kawetere, ukaupita mji wa Chunya na kufika Makongolosi, Matundasi au Itumbi, utakutana na Msukuma, Mnyakyusa, Mha, Mfipa na Mnyiramba katika mstari mmoja wa vibanda. Mtu anaweza kukaa hapo miaka mingi akiitwa kwa jina la utani tu. Baba yake hajulikani, kwao hakujulikani, wala hakuna anayejua kama ana mke. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likikauka anahamia jingine, na kibanda chake anaingia mwingine siku hiyohiyo.

Mtu wa namna hiyo anaposikia jina lake kamili likitamkwa na sauti anayoiheshimu, mbele ya maelfu asiowaona, kitu kikubwa kimetokea. Kwa dakika ile amekuwa mtu mwenye kwao. Ameshuhudiwa. Wanaomcheka kwa kupoteza bando hawajawahi kukaa mahali ambapo hakuna hata mmoja anayewajua kwa jina walilopewa na wazazi wao.

Basi sikubaliani na wale wanaosema kwa haraka kwamba jamii ya mtandaoni ni ya uongo kwa sababu watu wake hawaonani. Mwanazuoni Benedict Anderson aliandika mwaka 1983 kwamba taifa lenyewe ni jamii ya watu ambao wengi wao hawataonana kamwe, lakini kila mmoja anawabeba wenzake moyoni. Sisi tulilijua jambo hilo kwa njia yetu. Waliokua na Radio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka kadi za salamu: ulijaza majina ya unaowasalimu, ukaandika ujumbe, ukaituma kadi kwa posta na kungoja, pengine wiki kadhaa, mpaka jina lako lisikike katika kipindi cha Chaguo la Msikilizaji. Mgonjwa aliyelazwa hospitali ya mbali alisalimiwa katika kipindi cha Ugua Pole. Wasalimiaji walijipa majina ya kujitapa, wakajulikana nchi nzima bila sura zao kuonekana popote. Mtu wa Chunya alimsalimu mtu wa Kigoma ambaye hajawahi kumtia machoni, na yule wa Kigoma akarudisha salamu.

Hapo ndipo jambo linapopendeza. Wasalimiaji wengi hawakuishia kwenye kadi. Waliunda vikundi, wakatafutana, wakatembeleana, wakachangiana harusi, wakasafiri kwenda kumzika mwenzao ambaye kwa miaka walimjua kwa sauti ya mtangazaji tu. Redio ndiyo iliyowakutanisha, lakini kilichowafanya kuwa jamii ni nauli waliyotoa mfukoni.

Mwaka 1973 taifa lilijaribu jambo hilohilo kwa makusudi. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio vijijini. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na kijitabu cha kusoma. Kipindi kilipokwisha hawakuzima redio na kwenda kulala. Walijadili walichokisikia, kisha wakakubaliana watafanya nini kabla ya wiki ijayo: kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu, kuchimba choo. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu mengi. Sisemi zama zile zilikuwa bora kwa kila kitu, maana kulikuwa na shuruti pia, na wapo waliochimba kwa kumwogopa balozi wa nyumba kumi. Lakini palikuwa na uhusiano ulio wazi kati ya kusikia na kushika jembe.

Na kwa wanaodhani mambo hayo yamepita, ipo Radio Maria, redio ya Kikatoliki. Ilianza Songea mwaka 1996, ikaenea nchini, na leo inasikika hata kwa simu ya mkononi. Ni redio yenye msimamo wa kale katika mambo ya imani, ndoa na uhai, na haioni haya kusema hivyo. Haiuzi matangazo ya biashara. Inaishi kwa sadaka za wasikilizaji wake na kwa kazi za watu wa kujitolea, na kila mwezi wa Mei hufanya Mariathoni ya kuchangisha fedha za kuiendesha. Mkubaliane nayo au msikubaliane, msikilizaji wake anadaiwa kitu. Anadaiwa fedha, muda, sala kwa ajili ya mgonjwa ambaye jina lake limetajwa asubuhi hiyo. Ndiyo maana wasikilizaji wake wanapojiita familia, neno hilo halisikiki kuwa la kupambia.

Tofauti ninayoitafuta, basi, haiko kati ya mtandao na ana kwa ana, wala kati ya zamani na sasa. Iko katika madai. Jamii ni pale ambapo mtu ana haki ya kukudai, nawe ukimkatalia unajisikia umepungukiwa kitu. Chini ya duara mchimbaji hahitaji kujua kama aliye juu anakubaliana naye kuhusu malezi au siasa. Anahitaji kujua kwamba huyo ameshika kamba na hataiachia. Maana ya maisha, kadiri ninavyoielewa, inatoka huko: kwenye kujua kwamba kuna mtu ambaye mzigo wake umefungwa kiunoni mwangu, na wangu kiunoni mwake. Kutajwa jina kunatuliza upweke kwa usiku mmoja. Kudaiwa kunakufanya uamke kesho.

Sasa nirudi kwa vipindi vya maadili, na niseme wazi kwamba mengi yanayotetewa humo nami nayatetea. Naamini mtoto anahitaji mtu mzima wa kumwambia hapana. Naamini kiapo cha ndoa ni kitu kizito. Hofu ya wazazi wengi ni ya kweli, na imesikika mpaka serikalini: Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa kuwa vilionekana kwenda kinyume na mila na desturi zetu, na watu wengi waliushangilia uamuzi huo. Sina shaka na nia ya mama anayekaa mbele ya simu yake akisikitika juu ya mmomonyoko wa maadili.

Lakini tazama tunachokisikitikia, na ni nani anayesikitikiwa. Karibu mara zote ni mtu asiyekuwapo. Ni vijana wa leo, ni mabinti wa mjini, ni Wazungu, ni wasanii wa Dar es Salaam. Tukimlaumu kwa pamoja tunajisikia ndugu, na udugu huo ni mtamu kwa sababu haugharimu kitu. Asiyekuwapo hawezi kuomba chochote. Hawezi kusema, "Mama, mimi ndiye huyo binti, na leo sijala." Na hapa naona upungufu mkubwa, kwa kuwa maadili ya wazee wetu hayakuwa orodha ya mambo ya kulaani. Yalikuwa mtandao wa wajibu: nani anamlea mtoto wa marehemu, nani anampa mgeni mahali pa kulala, nani anasimama na mjane siku ya kugawa mali. Mtu mwenye maadili alijulikana kwa mizigo aliyobeba. Kundi linalotetea maadili bila kubebeshana mzigo wowote limeyapoteza yale linayoyatetea.

Mfano uko mlangoni petu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, na Chunya ni miongoni mwa wilaya walizozifikia. Walikuta watoto, wengine wa miaka 8 tu, wakichimba, wakiponda mawe, wakichanganya zebaki kwa mikono mitupu. Tangu hapo yako yaliyobadilika. Tangu mwaka 2019 mji wa Chunya una soko la madini na dhahabu inauzwa hadharani. Lakini mtu anayeishi karibu na machimbo hahitaji ripoti kujua kwamba watoto hawajatoweka kabisa kwenye karasha za kusagia mawe na mialo ya kuoshea dhahabu, hasa miezi ya njaa na siku za mnada. Sasa fikiria kipindi cha malezi kinachosikika kwa sauti kubwa kutoka kwenye spika ya duka. Mtangazaji anauliza kwa uchungu, watoto wetu wanakwenda wapi? Nje ya duka lile, mtoto wa miaka kumi anapita na kiroba cha mawe kichwani. Wanaosikiliza wanaitikia kwa moyo wote. Mtoto anapita.

Mawe ya mtoto yule hayakuletwa na kipindi, wala sitaki kumtwisha mtangazaji lawama zote. Ninachouliza ni kama sisi wasikilizaji tunaamini tunachokiitikia. Kama tunakiamini, yule mtoto ana madai juu yetu kuliko msanii yeyote wa Dar es Salaam.

Kuna jambo jingine ambalo barazani lilikuwapo na kwenye makundi haya ni nadra: mbishi. Kwenye baraza la kahawa mzee mbishi alikuwa haondoleki. Alipinga kila kitu, akakasirisha watu, na kesho yake akakuta kikombe chake kimewekwa, kwa kuwa alikuwa jirani kabla hajawa mbishi. Katika jamii iliyojengwa juu ya kukubaliana peke yake, anayepinga anatolewa kwa kubonyeza kitufe, na hakuna anayeuliza kama anaumwa. Wanaobaki wanazidi kufanana, na kwa kufanana wanadhani wamejuana.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika nchini, na zikapita siku kadhaa kabla haijarejea. Zilikuwa siku za hofu na huzuni, na mengi yataandikwa juu yake na wenye kujua zaidi. Kwa tafakuri hii nachukua jambo moja dogo. Siku zile hapakuwa na kipindi, hapakuwa na majina ya kusomwa, hapakuwa na wa kumwambia "nakupata vizuri kutoka Makongolosi". Aliyekuwa na mlango wa mwenzake aliugonga. Ambaye wenzake wote walikuwa ndani ya simu alibaki na simu, na saa ile alihitaji watu kuliko saa nyingine yoyote.

Ndiyo maana ombi langu si kwamba watu waache kutazama. Nawaomba wapenzi watazamaji wa Chunya, Mbarali, Rungwe na Iringa, na popote vipindi hivi vinapofuatiliwa, wafanye walichofanya wasalimiaji wa kadi: watafutane. Jina la mtu wa Itumbi likisomwa, nawe uko Itumbi, nenda kamwone. Kundi lenu la WhatsApp linaweza kuchanga fedha za msiba kwa usiku mmoja, sote tunalijua hilo. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, kwa hiyo mtoto aliye kwenye karasha hakosi ada. Anakosa sare, daftari, chakula cha mchana, na mtu mzima wa kwenda kuzungumza na mama yake na mwalimu wake. Watazamaji kumi wa kipindi kimoja cha malezi, katika kijiji kimoja, wanaweza kumpa vyote hivyo kabla muhula haujaanza. Anzeni na mtoto mmoja mnayemjua jina.