Mwacha Asili ni Mtumwa: Amana ya Ukoo, Chungu cha Nyumbani na Swali la Kuhuika

Utangulizi

Miongoni mwa methali za Kiswahili zinazotajwa mara kwa mara bila kuhojiwa ni ile isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hutumiwa kumkanya kijana anayeiga mambo ya kigeni na kumrudi mtu aliyeisahau lugha ya mama yake. Katika uhakiki wa fasihi nako imekwisha kuwa mithili ya hukumu: mhusika aliyehama kijiji hupimwa kwa umbali wake na chimbuko lake, na akirejea mwishoni mwa riwaya huhesabiwa kuwa amepona. Makala haya yanakusudia kuihoji hukumu hiyo. Mtu aliyechoka au aliyevunjika moyo anaporudi kwenye mizizi ya ukoo wake, kwenye vitu alivyoachiwa na wazee na vyakula alivyolelewa navyo, ni kitu gani hasa kinachomhuisha? Na je, kuhuika huko ni haki yake peke yake, au kunamtwika wajibu kwa wengine?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba asili haimhuishi mtu kwa sababu ni mali yake. Humhuisha pale anapoipokea kama amana, yaani kitu alichokabidhiwa ili naye amkabidhi mwingine. Tofauti baina ya mali na amana yaweza kuonekana ndogo, lakini katika mazingira ya Pwani ya Kenya, ambako neno asili limewahi kutumiwa kumfariji mtu na pia kumfukuza jirani yake, ni tofauti yenye uzito mkubwa.

Magongo: Mtaa wa Wenye Kwao Kwingine

Magongo iko Changamwe, upande wa bara magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa. Jina Changamwe lenyewe lina funzo. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio waundao Thelatha Taifa, na hao wakijumlishwa na Tisa Taifa hupatikana Thenashara Taifa ya Waswahili wa Mombasa. Wachangamwe walihamia kisiwani katika karne zilizopita, jina lao likabaki bara. Waliokuja baadaye waliingia ndani ya jina la watu wengine, kama mpangaji aingiavyo katika nyumba iliyojengwa na asiyemjua.

Waliokuja ni wengi. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, bandari ya Kilindini, na kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi Changamwe mwaka 1963, vyote vilihitaji mikono ya kazi. Wakaja Wamijikenda, Wataita, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakikuyu na wengineo, wakapanga vyumba katika nyumba ambazo uani mwake hutumiwa na wote. Hapo anayesonga ugali wa wimbi, anayechemsha muthokoi na anayekuna nazi hutenganishwa na hatua chache tu.

Katika mtaa wa namna hii swali la "Kwenu ni wapi?" halikwepeki. Mtoto aliyezaliwa na kusomea Magongo hulijibu kwa kutaja kijiji cha babu yake, ingawa huenda hajawahi kulala huko zaidi ya mwezi mmoja maishani mwake. Jibu hilo si la uongo. Kwao, kwa maana aliyofundishwa, ni mahali walipozikwa wazee wake na pengine kitovu cha baba yake, na ndipo yeye mwenyewe anapotarajiwa kupelekwa akifa. Kwa hiyo mtaa unamjua kwa kazi na kodi ya nyumba, na kijiji kinamjua kwa jina la ukoo. Kazi inapokatika, kama ilivyokatika kwa wengi kiwanda cha mafuta kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, mtu hulazimika kujiuliza kilichobaki cha kumtambulisha. Hapo ndipo asili inapotafutwa kama tiba, na ndipo panapofaa kuuliza kama kweli inatibu.

Amana na Bidhaa

Changamwe ina kielelezo kizuri cha maisha ya vitu vya ukumbusho. Tangu mwaka 1963 kuna chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, ambao vinyago vyao huuzwa kwa watalii. Kinyago cha twiga kitokacho hapo kitawekwa juu ya kabati huko Ujerumani au Uingereza, nacho kitakuwa ukumbusho wa safari. Mwenye nacho hatamjua aliyekichonga, wala hatalazimika kufanya lolote kwa ajili yake. Hakuna ubaya katika hilo; mchongaji amelipwa na mtalii amefurahi. Lakini urithi halisi wa mchongaji haupo katika kinyago kilichouzwa. Umo katika kushika shoka na patasi, ujuzi uliopokewa mkono kwa mkono. Ujuzi huo hauwezi kuwekwa juu ya kabati. Usipofundishwa, unakufa na mwenyewe.

Kinyume cha kinyago cha biashara ni kigango cha Wagiriama. Hiki ni kigogo kinachochongwa na kusimikwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Hakikukusudiwa kutazamwa kwa uzuri wake, wala hakihamishwi kiholela. Kikisimikwa huachwa hapo kwa jua na mvua. Hata hivyo vigango vingi viling'olewa usiku na kuuzwa, vikaishia katika makumbusho na nyumba za wakusanyaji huko Marekani. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kwa familia moja ya Kigiriama mwaka 2007, baada ya kutambuliwa katika makumbusho mawili ya nchi hiyo. Kilichorudishwa hakikuwa mapambo ya familia bali uwezekano wa kutimiza wajibu kwa ndugu zao waliokufa. Kitu kilekile, kikiwa ughaibuni, kilikuwa sanaa. Kikiwa nyumbani, ni deni.

Riwaya za Afrika Mashariki zimelichunguza suala hili kwa undani, hata zile zilizoandikwa kwa Kiingereza. Katika The Gunny Sack ya M. G. Vassanji (1989), Salim Juma anarithi gunia lililojaa vitu vikuukuu kutoka kwa Ji Bai. Kila kitu kinachotolewa guniani kinaleta kisa cha ukoo. Msomaji anayetarajia faraja tupu hapati, kwa maana mwanzoni kabisa mwa ukoo huo yupo Bibi Taratibu, mwanamke mtumwa aliyemzalia Dhanji Govindji mtoto. Anayelifungua gunia hawezi kuchagua kuupokea ujasiri wa babu na kuuacha udhalimu wake. Mali huweza kugawanywa, kizuri kikachukuliwa na kibaya kikatupwa. Amana hupokewa nzima.

Abdulrazak Gurnah naye, katika By the Sea (2001), anamfikisha mzee Saleh Omar kwenye uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na kijisanduku cha udi. Afisa wa uhamiaji, ambaye wazazi wake nao walikuja Uingereza kama wakimbizi, anakichukua. Tukio hilo lina ukali wa kimya. Aliyepaswa kuielewa thamani ya ukumbusho wa mhamaji kuliko wote ndiye anayemnyang'anya. Kwa tukio hilo Gurnah anaonyesha kwamba kuwa na kumbukumbu za uhamaji katika ukoo si hakikisho la huruma. Kumbukumbu isiyotendewa kazi hulala, na mwenye nayo akawa mgeni hata kwa historia yake mwenyewe.

Chungu cha Nyumbani

Ikiwa vitu vyaweza kuhifadhiwa na kusahaulika, chakula hakina nafasi hiyo. Chakula hakihifadhiki, hupikwa, kikaliwa, kikaisha. Ili kikumbukwe hakina budi kupikwa tena, na aghalabu na mtu mwingine. Kwa sababu hii chakula ni mfano bora zaidi wa amana kuliko kitu chochote cha kufungiwa sandukuni.

Katika fasihi ya dunia, mfano unaotajwa sana ni ule wa Marcel Proust katika juzuu la kwanza la riwaya yake kuu, lililochapishwa mwaka 1913, ambamo keki ndogo iliyochovywa katika chai inamrudishia msimulizi utoto wake. Kumbukumbu hiyo inamjia bila kuitwa. Ni neema, na hufaidiwa na mtu mmoja aliyekaa na kikombe chake. Kumbukumbu ya chakula katika ua wa Magongo ina sura nyingine. Kabla ladha ya mbaazi za nazi haijarudi, pana nazi ya kukunwa kwenye mbuzi, tui la kuchujwa kwa kifumbu, na moto wa kulindwa ili tui lisikatike. Mchunga wa Kimijikenda una uchungu wake, na mpishi asiyejua kuupunguza ataharibu mboga. Vipimo vya mambo haya havikuandikwa. Ukimwuliza mpishi, atakwambia "kiasi", na maana ya kiasi hujulikana tu kwa aliyesimama kando yake akitazama. Ndiyo maana watu husema juu ya "mkono" wa mama au wa bibi. Hawasemi juu ya kanuni yake. Anayeitaka ladha ile lazima autie mkono wake mwenyewe chunguni, na pengine akosee mara kadhaa.

Kuhuika kunakotokana na chakula ni kwa namna hii: aliyekuwa mpokeaji anageuka kuwa mpaji. Mtu aliyepoteza kazi akapika kwa mara ya kwanza chakula alichokuwa akipikiwa hajarudi utotoni. Amekalia kigoda cha aliyemlea, na sasa anatazama upande wa pili, kwa wale wanaosubiri kula. Faraja anayoipata haitokani na kuyakimbia maisha ya sasa bali na kugundua kwamba bado ana kitu ambacho wengine wanakihitaji.

Chakula kina ushahidi mwingine unaohusu maadili. Mahindi na muhogo, vinavyoliwa leo kama vyakula vya jadi pwani na bara, asili yake ni Amerika. Mchele na nazi vilifika kwa njia ya Bahari ya Hindi kutoka Asia, na biriani haiwezi kuelezwa bila kuitaja Bara Hindi. Anayekifuata chakula cha babu yake hadi mwanzo wake hafiki kwa babu peke yake, bali kwa wageni aliowapokea. Kwa maneno mengine, mizizi ikichimbwa vya kutosha hukutwa imepitia katika mashamba ya watu wengine.

Mizizi Inapogeuzwa Uzio

Jambo hili lisipozingatiwa, madhara yake si ya kinadharia. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na katika siku zilizofuata watu waliohesabiwa kuwa wa bara waliuawa, wakachomewa nyumba, na maelfu wakahama makwao. Tume iliyoongozwa na Jaji Akiwumi ilichunguza matukio hayo pamoja na ghasia nyingine za kikabila nchini. Lugha iliyotumika ni lugha ya asili: kila mtu arudi kwao. Waliokuwa wakiambiwa warudi walikuwemo waliozaliwa papo hapo.

Haki itendwe kwa pande zote. Malalamiko ya wenyeji wa Pwani kuhusu ardhi hayakubuniwa. Tangu sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908, wengi wao wamejikuta wakiitwa maskwota mahali walipozikwa mababu zao. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba asili si kitu ni kumdhulumu mara ya pili. Anaweza kudai ardhi ya babu yake, na dai lake lisikilizwe mahakamani na bungeni. Lakini dai la ardhi ni dai la mali, na lina adui na mipaka. Kosa huanza pale mantiki ya mali inapohamishiwa kwenye utu, jirani akahesabiwa kama mvamizi wa kumbukumbu. Kumbukumbu haipungui ikishirikiwa. Aliyefundishwa na jirani yake kupika kwa tui hakumwibia nazi.

Hitimisho

Sasa methali yaweza kusomwa upya. Kihistoria, mtumwa wa Pwani hakuiacha asili yake, alipokonywa. Katika Frere Town, upande wa Kisauni, walikaa tangu mwaka 1875 watu waliokombolewa kutoka utumwani na kuletwa na wamishenari, wengi wao wakiwa wametolewa mbali na wasiweze kurudi. Kengele iliyotundikwa hapo kuonya juu ya hatari ya wateka watumwa imeliachia eneo hilo jina la Kengeleni hadi leo. Watu hao hawakuwa na kijiji cha kutaja walipoulizwa kwao. Walichokuwa nacho ni kile walichoweza kukumbuka na kufundishana, na kwa hicho walianzisha jamii. Methali ikichukuliwa kama hukumu ya damu na mahali, inawahukumu watu hawa kwa kosa walilotendewa. Ikichukuliwa kama wito wa wajibu, wao ndio walioitimiza kuliko wengi.

Lugha yenyewe imeacha mlango wazi. Kitenzi kuacha hakina maana ya kutelekeza peke yake. Husemwa pia kwamba marehemu ameacha watoto, ameacha shamba, ameacha wosia. Yupo mwacha asili aliyeipa kisogo, na yupo mwacha asili aliyewaachia wengine. Wa kwanza ndiye anayekemewa na methali. Wa pili hana budi kuwa huru, kwani mtumwa, kwa sheria zilizomfunga, hakuwa na chake cha kumwachia mtu. Mkazi wa Magongo anayemwita mtoto wa mpangaji mwenzake aje atazame jinsi tui linavyochujwa hafanyi jambo dogo. Haulizi kwanza kwao mtoto huyo ni wapi.