Aya kwenye Kadi ya Harusi

Kadi nyingi za harusi za Waislamu wa pwani hubeba aya ya 21 ya Sura Ar-Rum, inayotaja mapenzi na huruma baina ya mume na mke. Walima ukishapita, baadhi hutupwa jaani pamoja na mabaki ya pilau. Je, heshima ya neno la Mungu imo katika maana yake tu, au hata katika karatasi iliyolibeba?

Mafakihi wengine hutaka karatasi hiyo izikwe mahali safi. Wengine huruhusu kuichoma, wakikumbuka nakala za Kurani ambazo Khalifa Uthman aliamuru zichomwe katika karne ya 7.

Pwani ina jibu lake pia. Siyu, kisiwani Pate, mafundi walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba pambizoni ili idumu. Lakini kwenye kombe, aya huandikwa sahanini kwa zafarani, huoshwa, na maji yake hunywewa: mwandiko hutoweka na heshima yake haipungui. Kinachoumiza ni kusahau kwamba karatasi imebeba aya.

Basi aya iandikwe kwa kalamu ya mwanzi kwenye karatasi moja nzuri, wapewe maharusi waitundike ukutani. Kwa kadi za wageni, yanatosha majina, tarehe na nakshi.