Mjueni Mtu Kabla Hajafungua Kinywa

Wanangu mnaotaka kuandika filamu, kuna mtu mmoja nataka mumjue vizuri kuliko mnavyowajua mastaa mnaowafuatilia. Anaitwa Frank Nugent. Ndiye aliyeandika baadhi ya filamu za makauboi na vichekesho vinavyotazamwa hadi leo, na njia aliyopita inafaa kutazamwa kwa makini kabla hamjaingia katika kazi hii.

Alizaliwa New York mwaka 1908, akasomea uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Columbia, na kufikia 1936 alikuwa mhakiki wa filamu wa gazeti la New York Times. Kalamu yake ilikuwa kali. Mwaka 1940 aliisifu mno The Grapes of Wrath, filamu iliyoongozwa na John Ford, na haukupita muda Darryl Zanuck wa studio ya 20th Century-Fox akamwita Hollywood. Mtu angedhani mambo yamemnyookea. Alikaa pale miaka minne akisoma na kurekebisha skripti za wenzake, na jina lake halikutokea kwenye filamu hata moja. Mwaka 1944 wakaachana naye, akarudi kuandikia magazeti.

Sehemu hii msiipite haraka, maana nawaona mna pupa ya majina. Kujua kasoro ya kazi ya mwenzio ni ujuzi, tena wenye thamani, lakini haukufundishi kumuumba mtu kutoka kwenye karatasi tupu. Huo ni ujuzi mwingine, na Nugent alikuwa bado hajaupata.

Aliyempa ni Ford. Nugent alikwenda Mexico kuandika makala wakati Ford akipiga picha za The Fugitive, na mazungumzo yao yakazaa kazi: filamu juu ya askari wapanda farasi wa Marekani, iliyokuja kuitwa Fort Apache na kutoka mwaka 1948. Mtoto wa mjini huyu angejua nini kuhusu askari wa karne ya kumi na tisa? Ford hakumharakisha aandike. Alimpa orodha ya vitabu kama 50, kumbukumbu, riwaya, chochote cha zama zile. Kisha akamtuma nchi ya Waapache azunguke, aione ardhi na kuinusa. Aliporudi, Ford alimuuliza kama utafiti umemtosha. Akajibu umemtosha. Basi akaambiwa asahau yote aliyoyasoma, sasa wataanza kuandika filamu.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko vitabu vyote. Ford alimtaka aandike maisha ya kila mhusika, mmoja mmoja: kazaliwa wapi, kasoma wapi, siasa zake ni zipi, pombe anakunywa au hanywi, ana vituko gani. Nugent alikiri kwamba wazo hilo halikuwahi kumjia, na tangu siku hiyo hakuliacha.

Mtaniuliza, mzee, kwa nini niandike kisichoonekana? Tazameni The Searchers ya mwaka 1956. Ethan Edwards anarejea Texas mwaka 1868, miaka mitatu tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe viishe. Ana dola za dhahabu mpya kabisa na hasemi kazitoa wapi. Martha, mke wa kaka yake, analichukua koti la Ethan na kulipapasa taratibu. Mchungaji amesimama sebuleni na kahawa yake, anatazama mbele kana kwamba haoni. Hakuna anayetamka neno, nasi tunajua mapenzi yaliyozikwa miaka mingi kwa heshima ya nyumba ile. Mngeniandikia ninyi, Martha angelia na kueleza kwa kurasa mbili.

Sifa zake hazinifanyi nifumbe macho. Katika filamu hiyohiyo yumo mwanamke wa Kicomanche anayeitwa Look, anapigwa teke na kubingirika mteremkoni, na tunatarajiwa kucheka. Mimi siwezi. Askari wa Fort Apache walipewa wasifu kamili. Huyu hakupewa hata mama wa kumlilia. Mnapoandika kabila lisilo lenu, au mtumishi wa ndani, au kichaa wa sokoni, jiangalieni hapo. Asiyejulikana ndiye anayegeuzwa kichekesho.

Maana kuchekesha Nugent alikuwa anajua. The Quiet Man, iliyotoka 1952 na kumfikisha kwenye orodha ya wanaowania Oscar, inachekesha mwanzo hadi mwisho bila kumdhalilisha mtu. Sean, bondia wa zamani kutoka Marekani, anamwoa Mary Kate kijijini Ireland. Mahari kule zama zile ilitolewa na kwao mwanamke, na kaka yake Mary Kate anaikatalia. Sean haoni shida, fedha anazo. Mary Kate anaona ameolewa nusu, kwa sababu mali ile ndiyo heshima yake. Anamtaka mumewe apigane. Yeye hataki, kwa kuwa aliwahi kuua mtu ulingoni na siri hiyo mkewe haijui. Kila mmoja ana haki, ndiyo maana tunacheka nao. Fedha zinapopatikana hatimaye, wanazitia motoni wote wawili. Mwandishi asiyewajua kiundani angewafanya wazinunulie nyumba.

Alifanya na Ford filamu 11, akawa rais wa chama cha waandishi wa filamu kule magharibi mwa Marekani, akafariki mwaka 1965.

Skripti zenu nimezipokea na nitazisoma, ila si wiki hii. Wewe mwenye habari ya dereva wa bodaboda, kaniandikie kwanza nani alimfundisha kuendesha na deni lake liko kwa nani. Binti mwenye mama mkwe mkorofi, nataka kujua yeye mwenyewe alipokewaje alipoolewa. Na yule mlinzi wa getini anayesema "karibu" mara moja tu halafu basi, naye mwandikieni kurasa zake.